Risasi ya Ukurasa wa Kwanza

Nimeua watu 14. Usishtuke, ndugu msomaji. Wote nimewaua kwa kalamu ya Bic, ndani ya kaunta buku, nikiwa nimekalia ndoo iliyopinduliwa nyuma ya nyumba tuliyopanga Temeke. Tangu nimalize kidato cha nne na matokeo yanigeuzie kisogo, kazi zangu ni mbili: asubuhi namsaidia mama kuuza maandazi, usiku naandika riwaya ya upelelezi. Nimelelewa na Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa, vitabu visivyo na majalada tulivyokuwa tukiazimana kijiweni mpaka kurasa zikawa laini kama kitambaa. Nikaapa kwamba siku moja na mimi nitakuwa na mtu wangu.

Mtu wangu anaua mapema, ukurasa wa kwanza kabisa. Yupo juu ya ghorofa moja Kariakoo. Anafungua sanduku la gitaa, anatoa bunduki vipande vipande, anaiunganisha. Adui anashuka garini, umbali wa mita 800, upepo unavuma kutoka baharini. Shujaa anavuta triga. Adui chini. Shujaa anawasha sigara, anashuka ngazi, anapanda teksi. Mistari 12 tu! Niliposoma kijiweni washikaji walipiga makofi, mmoja akasema, "Hiyo noma, mwanangu."

Mjomba hakupiga makofi. Mjomba wangu, kaka yake mama, anaongoza wageni wanaokuja kuwinda kwa leseni, na makazi yake ni Arusha. Alipokuja Dar kwenye arobaini ya bibi nilimpa ule ukurasa. Akausoma mara mbili, akavua miwani.

"Mjomba, umewahi kuisikia bunduki?"

"Kwenye sinema, mjomba."

"Msimu unafunguliwa Julai 1. Njoo mwezi wa sita. Kampuni imeleta bunduki mpya, nitakuwa nairekebisha shabaha. Uje na daftari lako."

Nauli mama aliitoa kwenye pesa yake ya mchezo, zamu aliyoisubiri miezi mitano. Akaniambia, "Nenda. Lakini ukirudi uniambie kama hicho kitabu kina mwisho." Basi njia nzima, Chalinze, Korogwe, Same, Moshi, maneno hayo yalikuwa yamekaa na mimi kiti kimoja.

Uwanja wenyewe, nje kidogo ya mji, ulikuwa nyasi kavu, bendera nyekundu, meza ya mbao yenye mifuko ya mchanga, na kule mbele, mita 100, karatasi iliyobanwa kwenye ubao. Nyuma ya ubao kuna tuta la udongo refu kuliko nyumba yetu.

Kusema kweli, bunduki ilinivunja moyo. Nilitegemea kitu cha kung'aa. Nikaona kitu cheusi kisicho na mng'ao, kimenyooka kama bomba la maji, kina darubini mgongoni. Ni Tikka T3x, imetengenezwa Finland, inatumia risasi ya .308 Winchester, aina iliyoingia sokoni mwaka 1952. Mtutu wake ni mnene kuliko wa bunduki za kawaida, na ndani umechongwa mifereji inayozunguka, ili risasi itoke ikizunguka zaidi ya mara 2,000 kwa sekunde na isiyumbe njiani. Mjomba alifungua komeo, akachungulia, akaingiza kidole kuhakikisha hakuna risasi, ndipo akaniruhusu niinyanyue. Mkono ukashuka wenyewe. Nzito!

"Sasa niambie," akasema, "inaingiaje kwenye gitaa?"

Nikaitazama. Haikunjwi. Haifunguliwi kama redio. Na mjomba akanieleza kwamba hata ukiivua darubini tu na kuirudisha, unatakiwa upige tena kwenye karatasi uone imehamia wapi. Gitaa langu likafia hapo.

Yeye ndiye aliyepiga. Mimi sina leseni, na mjomba si mtu wa kucheza na sheria. Nilivaa vizibo vya masikio, nikakaa nyuma yake na kalamu tayari kuandika ule mlio, maana katika daftari langu bunduki zote husema "pa!" Bwana wee. Haikusema "pa". Nilipigwa kifuani kwanza, kama mtu amenisukuma kwa kiganja, na vumbi likaruka chini ya meza. Nilipokumbuka kalamu, ilikuwa imeanguka.

Risasi ya kwanza iliingia chini kushoto. Mjomba hakukasirika. Alishika kifundo kilicho juu ya darubini, akakizungusha polepole, ka, ka, ka. Kila mlio mmoja, akasema, unahamisha shabaha sentimita 1 kwenye umbali wa mita 100. Akazungusha na kile cha pembeni. Akasubiri mtutu upoe. Akapiga tatu, moja moja, katikati ya kila moja akipumua kama mtu anayetaka kulala. Tulipokwenda kutazama, niliyafunika matundu yote matatu kwa sarafu moja ya shilingi 200.

"Unaona? Hii ni mita 100, meza haitikisiki, upepo umelala," akasema. "Njoo sasa kwenye 800 zako."

Akachukua daftari langu na kuchora. Risasi inatoka mtutuni kwa mwendo wa kama mita 800 kwa sekunde, lakini hewa inaipunguza njia nzima. Kufika kule itatumia zaidi ya sekunde moja, na adui wangu anatembea. Ukiacha darubini kama ilivyo hapa, itaanguka zaidi ya mita 6 chini ya ulipolenga. Na ule upepo wa baharini niliouweka kwa ajili ya mapambo unaweza kuisukuma pembeni zaidi ya mita nzima.

"Kwa hiyo shujaa wako," mjomba akafunga daftari, "ameua muuza machungwa."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Kisha akaitoa magazini, akakagua tena kuwa bunduki ni tupu, akanikalisha nyuma yake. Nikaweka shavu kwenye kitako na kutazama. Karatasi ilinijia usoni. Niliona vichwa vya pini zilizoibana. Lakini msalaba wa darubini ulikuwa unaruka, juu, chini, juu, chini.

"Upepo umeanza," nikasema.

"Huo ni moyo wako."

Wakati huo shomoro akatua juu ya ubao. Ndege mdogo tu, wa kawaida, hata kwetu Temeke wapo. Lakini ndani ya darubini nilimwona koo likitetemeka, manyoya ya kifuani yakipepea, jicho likigeuka. Msalaba ukamkaa. Bunduki ilikuwa tupu, komeo liko wazi, nayajua hayo yote. Hata hivyo niliondoa kidole mbali na triga, nikainua kichwa.

Mjomba alikuwa ananitazama.

"Yule uliyemuua ukurasa wa kwanza, alivaa nini?"

"Sijui, mjomba."

"Wakati darubini ingekuonyesha shati lake! Jina lake nani?"

"Hana jina. Ni adui tu."

Alikaa kimya kidogo, akiokota maganda ya risasi na kuyahesabu. "Sisi mnyama akijeruhiwa tunamfuata," akasema. "Hata awe nyati, hata awe ameingia kichakani na jua linazama. Tunafuata damu, tone kwa tone, mpaka tumalize tulichokianza. Huyo wako anawasha sigara."

Ndugu zangu tunaoandika, sikuwa na jibu, na mpaka leo silijui. Nilidhani umbali ndio unaorahisisha kuua, kumbe kile chombo kimetengenezwa ili kuufuta umbali. Mimi ndiye niliyekuwa mbali.

Nimerudi Temeke, nimeuchana ule ukurasa. Adui sasa anaitwa Sadiki. Ana shati la bluu lenye kifungo kimoja kisichofanana na vingine, na ana deni dukani. Wiki ya tatu hii nashindwa kumuua. Tumefika ukurasa wa tisa, bado anachagua machungwa, na shujaa wangu bado yupo juu ghorofani, moyo unamrusha.

Jana usiku nilimsomea mama huku akikanda unga. Nilipofika kwenye machungwa aliacha kukanda.

"Huyo Sadiki," akasema, "mwambie apite njia nyingine."