Spoki Arobaini za Baba

Baiskeli ya baba ilikuwa Phoenix nyeusi ya inchi 28. Gurudumu la mbele lilikuwa na spoki 32, la nyuma 40. Nilizihesabu nikiwa darasa la pili, nimechuchumaa uani kwetu Soni, nikamuuliza kwa nini hazilingani. Akajibu bila kuinua uso kwenye mnyororo aliokuwa akiupaka mafuta: mzigo unakaa nyuma. Mzigo wenyewe ulikuwa magunia ya kabichi na viazi, akishuka nayo hadi Mombo. Rimu zilikuwa za chuma, na mvua ikinyesha breki hazikushika kabisa. Alishuka zile kona za mlimani katambuga zikiburuza lami. Lakini gurudumu halikuwahi kumvunjikia hata siku moja.

Kwa hiyo nilikua na imani moja tu kuhusu magurudumu: mzigo mzito unataka chuma kizito. Na mimi mwenyewe nikawa mzigo mzito. Tangu nina miaka ishirini na tano sijashuka chini ya kilo 100, na leo nina 118.

Mwaka 2009 nilinunua Tanga baiskeli ya mlima ya mtumba, inchi 26, rimu za alumini. Niliipenda tangu nilipoinyanyua. Njia ya Irente, ile ya Mlalo, vijia vya msituni ambavyo Phoenix ilikuwa haivithubutu, vyote vikawa vyangu. Mwezi wa pili, nikitoka Irente jioni, nikasikia mlio mmoja mkali nyuma yangu, kisha rimu ikaanza kusugua breki. Spoki imekatika. Wiki tatu baadaye ikakatika nyingine, kisha nyingine. Zote zilikuwa za nyuma, upande wa gia, na zote zilikatikia palepale, kwenye kona inapoingia katika habu.

Nilifanya kile ambacho imani yangu iliniambia. Nikatafuta spoki nene zaidi. Zikakatika. Nikanunua rimu nzito zaidi, na fundi wa barabarani akaisuka kwa nusu saa nikimsubiri. Spoki zikaendelea kukatika. Ilinihuzunisha sana, maana nilianza kuamini kwamba baiskeli za mlima zimetengenezwa kwa watu wengine, siyo kwa mwili kama wangu.

Ndipo nikaelekezwa kwa mzee mmoja wa Lushoto, fundi aliyekuwa akifanyia kazi barazani kwake. Nilimwendea mara kadhaa akinibadilishia spoki moja moja, mpaka siku moja alipochoka kunisaidia kwa namna ile.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Leo ya ngapi?"

"Ya tano."

Hakuigusa baiskeli. Alichukua kipande cha waya wa kufungia nondo, akaukunja huku, akaukunja kule, huku na kule, mpaka ukakatika mikononi mwake.

"Nimeuvuta?" akaniuliza.

"Hapana, mzee."

"Nimeutundikia gunia?"

"Hapana."

"Nimeuchezesha tu."

Kisha akanipigisha spoki za gurudumu langu kwa ukucha, moja baada ya nyingine, kama mtu anayejaribu nyuzi za zeze. Moja ililia kali, ya pili ikalia nzito, ya tatu haikulia kabisa. Akasema spoki iliyolegea ndiyo inayokufa, kwa sababu ndiyo inayocheza.

Miaka kadhaa baadaye nilikuja kusoma jambo lilelile katika kitabu cha Jobst Brandt, *The Bicycle Wheel*, kilichotoka mwaka 1981. Gurudumu husimama kwa sababu spoki zote zimevutwa kwa nguvu kabla mtu hajalipanda. Ukikaa, zile chache zilizo chini, karibu na ardhi, hupungukiwa na mvuto. Zikipita, hukaza tena. Tairi la inchi 26 huzunguka kama mara 480 kwa kilomita. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 32, yaani kila spoki hulegea na kukaza zaidi ya mara 15,000 kwa safari moja. Ikiwa ilikuwa imekazwa vya kutosha, hailegei hadi mwisho, na kona yake haichezi. Ikiwa ilikuwa legelege, ni ule waya wa mzee.

Mzee alilifungua gurudumu lote, akalisuka upya kwa rimu ileile na spoki mpya za kawaida, siku mbili nzima. Alikaza robo robo, akasikiliza, akakandamiza spoki mbili mbili kwa viganja ili zijilaze vizuri kwenye habu, akakaza tena. Gurudumu lile lilinibeba miaka mitatu bila kukata hata spoki moja.

Hapo ndipo imani ya chuma kizito iliponitoka. Magurudumu ninayotumia sasa, ya inchi 29, nilimsukisha fundi wa Arusha kwa vipande nilivyochagua mwenyewe, kimoja kimoja. Spoki zake ni milimita 2.0 kwenye ncha na 1.8 katikati. Ule wembamba wa katikati huziwezesha kunyumbulika kidogo, kona ikapumzika, na hivyo spoki nyepesi ikadumu kuliko ile nene niliyoitafuta zamani. Habu ya nyuma ina upana wa milimita 148, ambao umetanua masikio yanayoshika spoki, na hilo ni kubwa kwa gurudumu la nyuma, ambalo gia huliminya upande mmoja. Muuzaji alinishawishi nichukue habu ya spoki 28 kwa ajili ya uzito. Nilikataa. Spoki nne zaidi ni chini ya gramu 30; mtu wa kilo 118 hana sababu ya kuzionea uchungu. Uzito niliupunguza kwa kutoa tyubu na kutia maji ya kuziba matundu, ambayo pia yamenimalizia vita na miiba.

Mwezi uliopita nililipeleka gurudumu la nyuma kwa baba. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi. Alilipakata, akalipima mikononi, akashangaa lilivyo jepesi. Kisha akaanza kuzihesabu spoki kwa vidole, polepole, akianzia kwenye tundu la pampu ili asipotee.

"Thelathini na mbili," akasema. "Na hili ni la nyuma?"

"La nyuma, baba."

Akapiga moja kwa ukucha, akainamisha sikio, akapiga ya jirani yake, kisha ya tatu.