Je, Mtoto wa Usonji Apewe Njaga?

Sisi ni wazazi tunaoishi huku mjini Kampala, Katwe, Nsambya na Makindye, na tuna watoto wenye usonji. Ndugu zetu wa Nakivale na Kyangwali wametuuliza mara nyingi jambo moja, na mwezi huu tumeona tuliandike: ni kweli bangi, hii wenyeji wanayoita njaga, inamtuliza mtoto wa namna hiyo?

Kwanza mjue swali linatoka wapi. Mtoto wa usonji si mkaidi, wala hakurogwa. Ubongo wake umekua kwa namna nyingine tangu utotoni kabisa, kwa hiyo maneno yanachelewa, kelele zinamuumiza, usingizi unakuwa shida. Sasa mweke mtoto huyo katika chumba kimoja cha kupanga, mabati juu, muziki wa baa upande huu, maombi ya usiku kucha upande ule. Saa nane za usiku anapiga kichwa ukutani. Jirani anagonga. Asubuhi mwenye nyumba anasema mtafute pengine. Na mama lazima atoke akauze vitenge, naye hajafumba jicho. Ndipo anakuja mtu na kichupa cha mafuta, au majani kwenye karatasi, anasema: mchemshie kidogo tu, atalala.

Kwa hiyo tusiwahukumu wazazi wanaosikiliza maneno hayo. Hata Marekani, mwaka 2009, mwandishi Marie Myung-Ok Lee alieleza waziwazi kwamba anampa bangi mwanawe wa miaka 9 mwenye usonji. Lakini alikuwa katika jimbo ambalo sheria inaruhusu bangi ya dawa, na daktari alikuwa anajua. Sisi hapa tuna nini? Tuna kichupa kisicho na karatasi.

Waliochunguza jambo hili sana ni Waisraeli. Mwaka 2019 walitoa habari za wagonjwa 188 waliotumia mafuta ya bangi, na familia nyingi zilisema zimeona nafuu. Tatizo ni kwamba hapakuwa na kundi lingine la kulinganisha nalo. Mwaka 2021 ikatoka kazi nzuri zaidi, watu 150 wa miaka 5 hadi 21, wengine wakipewa mafuta ya bangi, wengine mafuta matupu, bila mzazi kujua ni yapi. Kwa waliopewa mafuta kamili ya mmea, fujo zilipungua sana kwa asilimia 49. Kwa waliopewa mafuta matupu, asilimia 21. Soma tena hapo: mtoto mmoja kati ya watano alitulia kwa mafuta yasiyo na kitu! Na fomu ambazo wazazi walijaza hazikuonyesha tofauti kubwa kati ya makundi. Ndiyo maana madaktari bado wanabishana.

Tena mafuta yale si njaga ya mtaani. Bangi ina vitu vingi ndani yake; kimoja ni THC, ndicho kinacholewesha, kingine ni CBD, ambacho hakilewesheki nacho mtu. Mafuta ya uchunguzi yalikuwa na CBD mara 20 zaidi ya THC, yamepimwa tone kwa tone. Njaga inayovutwa hapa inapendwa kwa sababu ya THC yenyewe. Kwa mtoto, hiyo inaweza kuleta hofu, moyo kwenda mbio, kuona visivyokuwapo, na inasumbua ubongo unaoendelea kukua. Na mtoto asiyesema atakuambiaje kwamba anaona vitu?

Wengine wametuambia, mbona kuna dawa ya bangi iliyokubaliwa? Ipo, inaitwa Epidiolex, Marekani waliikubali mwaka 2018. Ila ni CBD peke yake, na ni ya aina fulani za kifafa kikali, si ya usonji. Hapa sikilizeni vizuri, maana watoto wetu wengi wana usonji na kifafa pamoja. CBD ikikutana na dawa ya kifafa iitwayo valproate inaweza kuumiza ini. Na ukimwachisha mtoto dawa ya kifafa ghafla kwa sababu umepata mafuta, degedege inaweza kurudi kwa nguvu na kumuua.

Halafu kuna polisi. Bunge la Uganda lilipitisha sheria mpya ya dawa za kulevya mwaka 2023, baada ya Mahakama ya Katiba kufuta ile ya zamani mwaka huohuo. Bangi bila leseni ni kosa. Mkimbizi akikamatwa nayo, nani atabaki na mtoto?

Tulichokiona kinasaidia ni kidogo kidogo. Mama mmoja wa kwetu aligundua kwamba vipigo vya kichwa vilianza na jino bovu. Lilipong'olewa, nusu ya vurugu iliisha. Kwa hiyo angalieni meno, masikio, na kama mtoto anapata choo. Mwingine amepanga jioni iwe ileile kila siku: chakula, kuoga, taa kuzimwa. Butabika na Mulago kuna madaktari wa watoto wa namna hii. Mkiona mtoto anajiumiza, waulizeni kuhusu risperidone, ina madhara yake, hasa kunenepa, lakini kipimo chake kinajulikana. Nendeni na mtu wa kutafsiri Kiganda au Kiingereza.

Katika mkutano wetu wa mwisho baba mmoja alisimama akasema bangi ya dawa inalimwa hapahapa Uganda, kule Kasese, na mwaka 2020 ilisafirishwa hadi Israel. Iweje ipande ndege ikatibu watoto wa huko, na wa kwake aambiwe hapana? Tulibishana mpaka giza likaingia. Yeye anasema siku daktari akiiandika kwenye karatasi, atakuwa wa kwanza kwenye mstari. Mkewe anasema hataki hata kuisikia. Tumepanga kumwalika muuguzi mkutano ujao, na hilo swali la Kasese ndilo la kwanza.