Lugha ya Kwanza

Lugha ya kwanza ndiyo ile mtoto aipatayo mgongoni mwa mama yake, kabla hajajua kalamu wala ubao. Mimi ni Mzigua. Kiswahili nalikisoma shuleni, lakini Kizigua sikufundishwa na mwalimu yeyote.

Sikilizeni, wanangu, jinsi lugha hiyo ilivyo na nguvu. Katika karne ya 19 njaa kuu iliingia Uzigua, na watu wengi wakauzwa utumwani, wakachukuliwa kwa majahazi mpaka Somalia. Baadhi yao walitoroka, wakajenga vijiji kando ya mto Juba. Mashamba yao na makaburi ya wazee wao yalibaki huku; lugha yao hakuna aliyeweza kuwanyang'anya. Mama alisema, mtoto akasikia. Vita vilipozuka Somalia mwaka 1991, wengine katika wajukuu wao walikimbilia Tanzania, wakafika hata Handeni. Waliposema Kizigua, wenyeji wakawafahamu, wakawajua kuwa ni ndugu.

Wahenga walinena, Mwacha asili ni mtumwa. Watu hao walifanywa watumwa, lakini asili hawakuiacha. Basi jifunzeni Kiswahili kwa bidii, mpate kusema na watu wa mbali. Wala msione haya kusema na bibi zenu kwa lugha ya nyumbani.