Kisanduku cha Pembeni

Tulipokuwa katika mazoezi ya kufundisha, tulipewa darasa la tatu na somo la kuzidisha. Tukachora ubaoni jedwali la 1 hadi 5, lenye visanduku 25. Tukawaonyesha watoto ya kuwa 2 mara 3 ni sawa na 3 mara 2. Kwa hiyo majibu ya kujifunza yalikuwa 15 tu. Wakafurahi. Kisha tukayagawa: jedwali la 1 hadi 4 lina majibu 10, kuzidisha namba hizo 4 kwa 5 kunaongeza 4. Tukaanza kufuta ubao. Msichana mmoja akanyosha mkono: "Mwalimu, hayo ni 14. Na kile cha pembeni?" Kengele ilikuwa imekwisha kulia. Tukamwambia aketi, kimoja si kitu. Akaketi, wala hakuuliza swali tena muhula ule.

Miaka ikapita, nasi tukasoma habari za fizikia zilizotukumbusha mtoto yule. Kwa nadharia ya Einstein ya mwaka 1915, ulimwengu una vipimo vinne: urefu, upana, kimo na wakati. Mvutano huelezwa kwa namba 10 katika kila mahali, zilizopangwa kama jedwali letu la 1 hadi 4. Mwaka 1921 Theodor Kaluza wa Ujerumani alichapisha wazo la kuongeza kipimo cha tano. Namba zikawa 15. Zile 10 zilieleza mvutano. 4 zilieleza umeme na sumaku. Ikabaki 1, ya pembeni.

Mwaka 1926 Oskar Klein wa Uswidi alieleza kwamba hatukioni kipimo cha tano kwa sababu kimejikunja kama duara dogo mno. Tufikirie kamba: kwa mbali ni mstari tu, lakini sisimizi atembeaye juu yake hujua kwamba ina unene. Namba ya pembeni hueleza ukubwa wa duara hilo mahali hapa na pale. Wataalamu huiita uga skala, yaani namba moja kwa kila mahali, isiyo na mwelekeo, mfano wa kiasi cha joto jikoni: kikubwa karibu na meko, kidogo mlangoni.

Klein aliifanya namba hiyo isibadilike, na hesabu ikawa nyepesi. Lakini kanuni ya namba yenyewe haikukubali: isipobadilika, uga wa umeme na uga wa sumaku hulazimika kulingana nguvu kila mahali. Sumaku ya kawaida iliyolala mezani isingeruhusiwa kuwapo! Katika miaka ya 1940 Pascual Jordan wa Ujerumani na Yves Thiry wa Ufaransa waliiachia namba hiyo ibadilike.

Hadi leo hakuna jaribio lililokiona kipimo cha tano. Hata hivyo hesabu yenyewe ni somo: vipimo vikipunguzwa, kilichokunjwa huacha alama yake. Vinne vikifanywa vitatu, zile 10 hugawanyika kuwa 6, 3 na 1. Jaribuni wenyewe kwa jedwali la 1 hadi 4.

Ndugu wanachuo, siku ile tulifuta kisanduku kimoja, na pamoja nacho tukafuta ujasiri wa mtoto aliyehesabu vizuri kuliko mwalimu wake. Kengele ikilia na mkono ungali juu, liandikeni swali pembeni mwa ubao, nanyi kesho yake anzeni nalo.