Gratallops: Kijiji cha Mawe na Mvinyo Mwekundu

Kusini-magharibi ya Barcelona, katika jimbo la Katalunya nchini Hispania, iko wilaya ndogo ya milima iitwayo Priorat. Msafiri atokaye pwani ya Tarragona huiacha bahari nyuma yake, akapanda barabara yenye kujipinda hadi Falset, makao makuu ya wilaya hiyo, kisha akaendelea baina ya magenge na mabonde mpaka aone kijiji kimetua juu ya kilima, nyumba zake zimebanana kulizunguka kanisa. Kijiji hicho ni Gratallops. Wakazi wake hawafiki hata idadi ya wanafunzi wa shule moja kubwa ya kwetu, lakini mvinyo mwekundu utokao huko hutafutwa na matajiri wa London, New York na Tokyo.

Ndugu msomaji, hata kama hunywi mvinyo, habari za kijiji hiki zinastahili kusikilizwa, maana ni habari za ardhi iliyodhaniwa kuwa maskini, za vijana waliohama, na za wageni waliokuja kutafuta kile ambacho wenyeji walikuwa wamekaribia kukikatia tamaa. Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Je, wenyeji wa Gratallops walipona?

Udongo wa Priorat ni haba. Kilichopo ni jiwe la rangi nyeusi na kahawia, lenye kung'aa juani na kupasuka vipande vyembamba kama vigae. Wenyeji huliita llicorella. Mvua ni chache, na maji yake hayatuami juu bali hupenya katika nyufa za mwamba. Basi mzabibu hauna budi kuyafuata huko chini, ukipenyeza mizizi yake mita kadhaa katikati ya mawe. Mti ulioteseka namna hiyo huzaa kidogo. Mzabibu mkongwe aghalabu hutoa chini ya kilo moja ya zabibu kwa mwaka, tena mavuno ni mara moja tu, si mara mbili kama kule kwenye mashamba ya Dodoma. Lakini punje zake huwa ndogo na ganda lake ni nene, na katika ganda hilo ndimo zimo rangi, harufu na ukakasi wa mvinyo mwekundu. Baadhi ya miteremko ni mikali hata trekta haiwezi kupita. Hulimwa kwa nyumbu, na zabibu huchumwa kwa mkono.

Waliokikuza kilimo hiki ni watawa wa shirika la Wakartusi, waliofika katika karne ya 12 wakajenga monasteri chini ya mlima Montsant. Waliiita Scala Dei, yaani Ngazi ya Mungu; masimulizi yasema kwamba mchungaji mmoja wa mifugo aliwaona malaika wakipanda ngazi iliyosimama kwenye mti wa msonobari. Mkuu wa monasteri aliitwa prior, na nchi iliyokuwa chini ya mamlaka yake ikaitwa Priorat. Mwaka 1835 Serikali ya Hispania ilizifunga nyumba za watawa na kuzitwaa mali zao. Watawa wakaondoka, monasteri ikageuka magofu, na mashamba yakapita mikononi mwa watu wengine.

Pigo kubwa zaidi lililetwa na mdudu mdogo sana aitwaye filoksera. Alitoka Amerika, akaenea Ulaya katika nusu ya pili ya karne ya 19, akafyonza mizizi ya mizabibu mpaka ikakauka. Alipoingia Priorat katika miaka ya 1890, matuta yaliyojengwa kwa jasho la vizazi vingi yakawa vichaka. Dawa ilikuwa moja tu: kupandikiza kikonyo cha mzabibu wa Ulaya juu ya shina la mzabibu wa Kimarekani wenye kumstahimili mdudu huyo. Kazi hiyo ilihitaji fedha na mikono, na vyote viwili vilikuwa adimu. Kadiri miaka ilivyopita, viwanda vya pwani viliwavuta vijana, na vijijini wakabaki wazee.

Hao waliobaki walizipeleka zabibu zao kwenye vyama vya ushirika. Sehemu kubwa ya mvinyo wao iliuzwa kwa jumla bila kutiwa katika chupa, ikaenda kuupa nguvu na rangi mvinyo hafifu wa mahali pengine. Hivyo jasho la Priorat lilinyweka kwa jina la watu wengine.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 alikuja René Barbier, mtu wa ukoo wa wafanyabiashara ya mvinyo wenye asili ya Ufaransa, akanunua ardhi karibu na Gratallops. Baada yake wakaja wenzake: Álvaro Palacios, kijana kutoka La Rioja, Daphne Glorian, mzaliwa wa Uswisi, Carles Pastrana, na Josep Lluís Pérez, aliyekuwa akifundisha kilimo cha mizabibu huko Falset. Mavuno ya mwaka 1989 waliyatengeneza pamoja chini ya paa moja, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na mtaji wa kutosha peke yake. Kisha wakayauza kwa majina mbalimbali, kila moja likianza na neno la Kifaransa clos, maana yake shamba lililozungushiwa ukuta au ua.

Shamba la Barbier, Clos Mogador, linaonyesha vyema kazi ilivyo. Mvinyo wake mwekundu ni mchanganyiko wa zabibu za aina nne: garnacha, cariñena, syrah na cabernet sauvignon. Garnacha huleta utamu wa matunda yaliyoiva na nguvu ya kileo, lakini rangi yake hufifia upesi. Cariñena huleta uchachu, ukakasi na weusi, na hivyo kuuwezesha mvinyo kuishi miaka mingi. Syrah huongeza harufu, na cabernet huongeza uimara. Kila aina huiva kwa wakati wake. Maji ya zabibu huachwa yachachuke pamoja na maganda, kisha hukamuliwa na kupumzishwa katika mapipa ya mti wa mwaloni. Mwenye shamba huonja na kuonja tena, akipima kiasi cha kila aina, kama mpishi wa pilau asivyotegemea kiungo kimoja.

Hapo mwanzo wageni hao walizitumainia sana zabibu za Kifaransa, kwa kuwa ndizo zilizojulikana katika soko la dunia. Cariñena ilidharauliwa, ikahesabiwa kuwa zabibu ya wingi isiyo na heshima. Miaka ilivyosonga, ilithibitika kwamba hazina ilikuwa katika mizabibu mikongwe waliyopanda mababu wa kijiji baada ya filoksera. Siku hizi wengi wamepunguza cabernet katika michanganyiko yao. L'Ermita ya Palacios, ambayo mavuno yake ya kwanza ni ya mwaka 1993, hutokana hasa na garnacha kongwe, nayo ni miongoni mwa mvinyo ghali kabisa wa Hispania.

Basi mwenyeji alipona? Kwa upande mmoja, alipona. Bei ya zabibu ilipanda, na shamba la babu lililokuwa mzigo likawa mali. Priorat ilipewa daraja la juu kabisa la mvinyo na serikali ya Katalunya mwaka 2000, na Hispania ikalithibitisha mwaka 2009. Ni Rioja peke yake iliyo na daraja hilo pamoja nayo. Kwa upande wa pili, bei ya ardhi nayo ilipanda. Kijana asiye na urithi hawezi tena kununua mteremko ambao babu yake angeutoa kwa bei ya kutupa, na kijiji kingali kidogo vilevile.

Hata hivyo mgeni hakubaki mgeni. Sara Pérez, binti wa Josep Lluís, aliolewa na mtoto wa Barbier, aitwaye René kama baba yake, na wote wawili wameshika kazi za wazazi wao. Mtihani wao ni mwingine. Joto kali la mwisho wa Juni 2019 liliunguza zabibu zikiwa bado mbichi mitini, na ukame ulioishika Katalunya kuanzia mwaka 2021 hadi 2024 uliyapunguza mavuno na kukausha baadhi ya mizabibu. Wakulima wanajifunza kulima kwa maji kidogo zaidi, na wengi wanaporudishia miti iliyokufa huchagua tena garnacha na cariñena, aina zilizozizoea kiu za milima hiyo. Mche utiwao ardhini leo utahitaji miaka mingi kabla mizizi yake haijayafikia maji yaliyo chini ya mawe, na apandaye anajua kwamba mvinyo wake bora utaonjwa na mjukuu.