Spika ya Tata

Najua blogu imeota kutu tangu tufunge chuo, na wapo walionitumia meseji kuuliza kama nimedisko au nimeoa. Hakuna kati ya hayo. Nilikuwa nyumbani Kyerwa, na kwetu ukitaka intaneti unapanda mlima nyuma ya migomba ya jirani, unanyoosha mkono juu, halafu simu inakukaribisha Uganda. Sasa nimerudi Mlimani na deni langu nalilipa leo. Wengi mliuliza, "Ile spika iliishia wapi?"

Kwa wasiojua: muhula uliopita nilikula ugali maharage karibu kila siku, na washikaji wakaniita bahili. Ukweli ni kwamba bumu lilipoingia nilitoa laki moja na nusu nikaenda Kariakoo kununua spika iliyotumika. HomePod ya Apple, ile ya kwanza, nyeusi, ya duara kama chungu kilichovalishwa soksi. Mpya ilitoka Februari 2018 kwa dola 349. Mimi niliiona ni dezo.

Siyo kwa ajili ya muziki. Tata anapoteza macho. Madaktari wanasema ni presha ya macho, na ile sehemu iliyokwisha kuondoka hairudi, dawa za matone zinalinda iliyobaki. Mzee alifundisha shule za msingi maisha yake yote, na tangu astaafu kazi yake kubwa ni redio. Asubuhi TBC Taifa, mchana Radio Kwizera ya Ngara, jioni FADECO ya Karagwe, akisikiliza bei za mazao na matangazo ya vifo. Sasa akawa haoni tena mstari wa masafa. Mama akiwa shambani, Tata anaweza kukaa saa nzima na redio inayokoroma kwa sababu kiwiko kilisukuma kitufe. Nikasema, kuna spika inayoambiwa kwa mdomo. Unasema weka habari, inaweka. Hiyo ndiyo dawa.

Muuzaji aliijaribu mbele yangu kwa simu yake. Jamani, ile besi! Kabati la vioo lilitetemeka. Nikamuuliza, inakubali simu yoyote? Akasema, "Yoyote, bro, wewe tu." Simtaji jina, na nilipopita wiki iliyopita pale palikuwa panauzwa viatu vya watoto.

Basi siku mbili ndani ya basi, Dodoma, Singida, Kahama, Nyakanazi, spika nimeipakata kama mtoto. Nikafika, nikaiweka mezani pale kwenye kitambaa cha kufuma, nikamwita Tata, Mama na majirani. Nikachomeka. Ikatoa mlio mmoja mtamu sana, na juu yake mwanga mweupe ukawa unavuta pumzi.

Huo mlio ndio uliokuwa tamasha zima.

Nilihangaika na Tecno yangu hadi usiku. Kumbe HomePod kuiwasha mara ya kwanza kunataka iPhone au iPad, hakuna njia ya pembeni. Bluetooth ya kuchezea muziki kutoka simu yoyote haina. Tundu la waya halina. FM hainasi. Inataka waifai, nasi waifai yetu ni mimi juu ya mlima. Na yule bibie wa ndani, Siri, lugha alizofundishwa ni nyingi, Kiswahili hakimo, Kinyambo ndiyo usiseme.

Tata hakuniambia neno baya. Alivuta kiti, akaipapasa, akaisalimia. Kwanza Kinyambo. Halafu Kiswahili. Halafu akakaa vizuri kama yuko mbele ya darasa la saba, akaisalimia kwa Kiingereza cha mkoloni, pole pole, kila herufi mahali pake. Kimya. Akasema, "Mwanangu, mgeni wako amechoka na safari. Mwache alale." Majirani wakacheka, mimi nikatoka nje kwa sababu nilijua Mama anajua laki moja na nusu ni matone ya miezi mingapi.

Kesho yake nikapanda mlimani kutafuta ufumbuzi, ndipo nikajua nilichonunua. Apple walitangaza tarehe 12 Machi 2021 kwamba wanaacha kuitengeneza. Ile ndogo, HomePod mini ya dola 99, ndiyo ikabaki. Na watu walivyopokea habari hizo, wadau, ni kichekesho na msiba kwa pamoja. Miaka mitatu walikuwa wakilalamika kwamba ni ghali, hata ikashushwa hadi dola 299 mwaka 2019. Walilalamika kwamba kitako chake kinaacha duara jeupe kwenye meza za mbao zilizopakwa mafuta. Siku waliposikia haitengenezwi tena, wakakimbilia dukani na zile nyeusi ndizo zikaisha kwanza. Baadaye kwenye soko la mtumba zikawa zinauzwa kwa bei kubwa kuliko ile ya dukani. Mambo ya senene tu: zikijaa unachagua, zikiadimika unagombania hata zenye mabawa.

Wenye jozi ndio walionigusa. Watu walinunua mbili ili sauti itoke kulia na kushoto, na moja ikifa hakuna ya kuiziba. Apple walirudi na HomePod ya pili Februari 2023, dola 299, lakini hiyo mpya haikubali kuunganishwa jozi na ile ya kwanza. Nikiwa pale juu na upepo wa Murongo unanipiga nikawaonea huruma watu wenye sebule kubwa kuliko kanisa letu. Angalau yao moja ilikuwa inaimba.

Nikapanda mchomoko kwenda Kayanga kwa fundi, nimebeba spika kwenye mfuko wa rambo na, kwa shinikizo la Mama, redio ya zamani pia. Redio yenyewe ni National, ya mawe manne makubwa, yale tunayoyaanika juani yakiishiwa nguvu. Jina National lenyewe limeshastaafu. Kampuni ya Matsushita ilijibadili kuwa Panasonic Oktoba 2008. Redio haijaambiwa.

Fundi aliigeuza HomePod mara mbili, akatafuta skrubu, hakuona hata moja. Akaniambia, "Hiki hawakutaka mtu akifungue." Kisha akanionyesha rafu yake, akacheka. Pale juu kulikuwa na redio ya WorldSpace, aina ya Hitachi, ndiyo aliyokuwa anasikilizia FADECO wakati huo huo.

Sisi tulikuwa watoto, lakini waulizeni wakubwa zenu. WorldSpace ilikuwa redio ya setilaiti, ndoto ya Noah Samara, mzaliwa wa Ethiopia. Setilaiti ya AfriStar ilirushwa Oktoba 1998, mwaka uliofuata matangazo yakaanza, na mtu wa Nairobi au wa porini kabisa akielekeza kile kiantena angani anapata sauti safi isiyokoroma. Redio zake zilikuwa za wenye nazo. Baadaye stesheni nyingi zikafungwa kwa kufuli, hulipi husikii. Oktoba 2008 kampuni ikaomba kinga ya mufilisi kule Marekani, na India, ambako ndiko ilikuwa imeweka matumaini makubwa, wateja walizimiwa tarehe 31 Desemba 2009, pamoja na waliokuwa wameshalipia miezi ya mbele. Redio zao hazikuwa mbovu. Zilikuwa nzima kabisa, zinasubiri.

Ila zile za kwanza, kama hii ya fundi, walizitengeneza na FM, AM na masafa mafupi humo humo. Mbingu zilipofungwa, mwenye redio akazungusha kitufe akarudi duniani. Fundi anasema aliinunua kwa bei ya skrepa. Nikaitazama HomePod yangu kwenye rambo. Redio ya shilingi elfu kumi ingeingia humo ndani na nafasi ikabaki, na hakuna aliyeona haja.

Kuhusu National, fundi hakutengeneza chochote kikubwa. Aliuliza Tata anapenda stesheni zipi, akachukua risasi ya kuunganishia waya akadondosha vitone pembeni ya mstari wa masafa: kimoja TBC, viwili Kwizera, vitatu FADECO. Kile kitufe cha kubadilisha bendi akakigandisha palepale FM kwa gundi. Elfu tatu. Tata alipopapasa vile vitone jioni ile alinyamaza kidogo, kisha akaanza kuruka kutoka stesheni hadi stesheni kama mtoto aliyepewa toi, mpaka Mama akamwambia aache, anamaliza mawe.

Ningeishia hapa, lakini spika ilikuwa haijasema neno lake.

Matone yalikuwa yanakwisha. Kahawa ilikuwa mbichi bado, na Tata hauzi butura hata afe, amefundisha watoto wengi mno hesabu za butura. Yakabaki maharage. Mnunuzi akaja na pikipiki na mizani ya kuning'iniza, mtu mcheshi, anamwita Mzee "Mwalimu" kila neno la pili. Tulikuwa na magunia tuliyokadiria kwa debe, na mizani yake ikawa inatoa kilo chache kuliko tulivyozoea. Tata haoni mshale. Ananiuliza mimi, nami nasoma kilichoandikwa. Nitasoma nini kingine?

Akanyamaza, kisha akasema, "Ile spika yako ina uzito gani?"

Nilikuwa nimezisoma zile sifa zake mlimani mpaka zimenikaa kichwani kuliko desa lolote. Kilo mbili na nusu. Mtauliza kwa nini hatukutumia paketi ya sukari. Kwetu sukari tunanunua robo, ya kupimiwa, kwa mizani ya ndugu wa huyo huyo. Nikaileta HomePod, nikaifunga na kitambaa cha kufuma, nikaitundika kwenye ndoano.

Kilo mbili na gramu mia mbili.

Mnunuzi akasema spika haziaminiki, Mwalimu. Nikafungua simu, ule ukurasa niliouhifadhi, nikamsomea. Tata alikwisha maliza hesabu kichwani: "Kwa hiyo kwenye kila kilo mia zangu, wewe unaziona themanini na nane." Alisema kwa sauti ile ya darasani, bila hasira. Yule bwana akashika kofia, akasema labda springi imelegea na barabara hizi. Wakakubaliana kuhesabu upya, kila kilo ishirini na mbili za mizani yake ni ishirini na tano zetu. Hela ya matone ikatosha, na nauli yangu ikapatikana humo.

Sasa majirani wanaiazima. Mama ameishonea mfuko wa kitenge wenye kitanzi, na anayeichukua anaandikwa kwenye daftari. Juzi Tata kapiga simu kuniuliza kama ile ya pili ya 2023 ni nzito zaidi. Nikamwambia hapana, ni nyepesi, kilo mbili na gramu mia tatu. Akasema, "Basi waliharibu."