Wino, Karatasi na Moshi wa Miwa

Sanaa ya kisasa ya Afrika Mashariki inapotajwa, aghalabu husifiwa rangi za mafuta na vinyago. Mchoro wa wino juu ya karatasi husahaulika, ilhali ndio uharibikao upesi zaidi. Ghala la sanaa la Paa ya Paa, lililoanzishwa Nairobi mwaka 1965, liliteketea kwa moto mwaka 1997. Lakini si lazima moto uwake ndipo karatasi ife.

Tuseme mzee mmoja wa Awendo ametundika sebuleni sura ya marehemu kakaye: mistari michache ya wino, jicho moja limeachwa tupu. Wajukuu hudai kwamba mchoraji alishindwa kulimaliza. Mkadiriaji mwenye busara hataanza na jicho hilo wala na bei. Ataigeuza picha. Nyuma ya karatasi huenda pana jina, tarehe, muhuri wa shule au maandishi ya zawadi, na mambo hayo, pamoja na simulizi ya mzee kuhusu namna picha ilivyomfikia, ndiyo nasaba yake. Picha isiyo na nasaba ni kama utendi uliokatwa beti za mwisho, pale mtunzi anapojitaja.

Kisha wino wenyewe. Wino wa masizi hauchujuki kwa mwanga. Wino mwingi wa kalamu za kawaida hufifia. Uliotengenezwa kwa chuma hugeuka kahawia na hatimaye huila karatasi. Wanafunzi wa miswada ya Kiswahili ya hati za Kiarabu wanaufahamu msiba wa namna hii: mshairi amekwisha kwenda zake, mdudu angali anasoma.

Awendo ina maadui wake. Kuna unyevu wa masika, moshi wa miwa inayoungua, na vumbi la barabarani linalopenya chini ya bati. Lakini adui mkubwa ni yule ajaye kwa mapenzi.

“Babu, tuipeleke mjini ikatiwe laminesheni, kama vyeti vyetu.”

Mjukuu anayesema hivyo hana ubaya. Hata hivyo, joto la mashine ile huyeyusha plastiki ikang'ang'ania nyuzi za karatasi, na kuibandua bila kuichana ni kazi ngumu hata kwa fundi stadi. Selotepu nayo huacha doa la manjano. Ubao wa nyuma ya fremu hutoa asidi, na kioo kikiigusa karatasi, unyevu hunaswa na kuvu huota.

Kinachofaa hakina gharama kubwa: mikono safi na mikavu, bahasha ya karatasi isiyo na asidi, sanduku lililoinuliwa kutoka sakafuni, mbali na ukuta wa nje. Mnunuzi akija kabla ya nasaba kuandikwa, asubiri. Bei inayotajwa kwa haraka huwa ya mnunuzi.

Ugumu ni kwamba mzee hakuitundika sura ya kakaye ili ikafungiwe sandukuni. Ipigwe picha nzuri basi, nakala itundikwe kwenye msumari uleule, na ufunguo wa sanduku akae nao mwenyewe.